Shajara ya mswada: kumtafuta mhariri wa riwaya ya Kiswahili nikiwa Busia, Uganda

Mswada wangu ni riwaya ya maneno kama 62,000. Hadithi inatokea kwenye foleni ya malori ya Malaba, Januari 2022, wakati Uganda ilipotaka madereva walipie kipimo cha korona mpakani. Madereva waligoma, malori yakajipanga kilometa kwa kilometa upande wa Kenya, na petroli ikapanda bei Uganda nzima. Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani, kwa hiyo watu wa hadithi hii nawaona kila siku. Sina mhariri wala wakala wa kuniuzia mswada kwa wachapishaji, na simjui mtu wa Uganda aliyepitia njia hii kwa kitabu cha Kiswahili. Shajara hii naiweka kwa ajili ya atakayefuata. Bei ambazo sikuzitaja sarafu ni shilingi za Uganda.

14 Januari 2024. Rasimu ya tatu na wasomaji wa kwanza

Nimepanga kurasa upya: herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, namba kila ukurasa, jina na simu yangu juu. Zimetoka kurasa 248. Nakala mbili zimechapwa hapa Busia kwa shilingi 200 kila ukurasa, na kufungwa kwa 5,000 kila moja. Jumla 109,200.

Nakala moja amepewa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, nyingine dereva wa masafa marefu aliyestaafu. Mwalimu amerudisha ngeli zilizosahihishwa hadi sura ya nne, basi. Dereva amesoma chote. Katika sura ya sita nilimlaza dereva wangu gesti usiku ambao foleni inasogea. Mzee akasema hakuna dereva anayeacha lori kwenye foleni usiku: mafuta yatanyonywa, betri zitaibwa, na foleni ikisogea wewe hupo, wa nyuma anakupita na hutaipata tena nafasi yako. Anayekesha ni taniboi, msaidizi wa dereva. Sura nzima imeandikwa upya, taniboi akiwa macho na dereva akiwa kitandani nyuma ya kiti, na sasa ndiyo sura ninayoipenda kuliko zote.

Kwa hiyo kabla ya mhariri yeyote, mpe mswada mtu anayeijua kazi unayoiandika. Mhariri wa lugha hatajua kwamba betri huibwa.

3 Machi 2024. Mawakala wa London na New York

Nimejaribu njia inayosemwa sana, ya kutafuta wakala wa fasihi. Wengi wa Uingereza hutaka barua moja, muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili na sura tatu za mwanzo. Wa Marekani wengi huanza na barua na kurasa chache. Wakala hulipwa asilimia, kwa kawaida 15 ya mapato ya mwandishi katika soko la nyumbani na 20 kwa mauzo ya nje na tafsiri. Kabla ya kitabu kuuzwa halipwi kitu.

Nilitafsiri sura tatu kwa Kiingereza na kuzituma. Baadhi walijibu kwa adabu kwamba kazi haiwafai, wengine hawakujibu, na katika masharti yao wameandika wazi kwamba kimya ni jibu. Mmoja aliandika mistari miwili ya kweli: sauti imempendeza, lakini yeye huuza vitabu kwa wahariri wanaosoma Kiingereza, na mswada wenyewe hauko kwa Kiingereza. Barua hiyo ndiyo iliyonifungulia mlango wa kuelewa. Wakala ni mtu wa soko fulani. Anajua nani ananunua nini, na wanunuzi wa riwaya za Kiswahili wako Dar es Salaam na Nairobi, ambako wachapishaji hupokea miswada kutoka kwa mwandishi mwenyewe. Kumtafuta wakala wa London kwa riwaya ya Kiswahili ni kama kupeleka mzigo wa Mombasa kwenye forodha ya Mutukula, mpakani na Tanzania: karatasi ziko sawa, mpaka siwo.

Njia hii nimeiacha. Muhtasari nimeubakiza na kuurudisha kwenye Kiswahili, kwa maana kila mchapishaji atautaka.

Gharama: intaneti tu, na majuma kadhaa ya kutafsiri.

21 Aprili 2024. Barua pepe yenye sifa nyingi

Mtu anayejiita wakala ameniandikia mwenyewe. Anasifu namna nilivyomchora "shujaa wake wa kike". Riwaya yangu haina shujaa wa kike, mhusika mkuu ni mwanamume, dereva wa Changamwe, Mombasa. Barua haitaji hata mhusika mmoja kwa jina. Mwishoni ameomba dola 350 za "kusoma na kuandaa".

Sijalipa. Kanuni inayolinda waandishi kila mahali ni fupi: pesa humwendea mwandishi. Chama cha mawakala cha Uingereza huwakataza wanachama wake kutoza ada ya kusoma mswada. Mhariri unayemwajiri mwenyewe unamlipa, sawa, kwa sababu anakufanyia kazi unayoiona kwenye karatasi. Anayejiita wakala akitaka ada ili tu asome, funga barua. Naandika haya kwa nguvu kwa sababu kijana mmoja wa hapa, mshairi mzuri, alilipa pesa za karo ya mdogo wake kwa barua ya aina hii. Hana kitabu, na zile pesa hazikurudi.

27 Mei 2024. Kampala

Teksi Busia hadi Kampala, kwenda na kurudi, 60,000, na chakula 15,000.

Wachapishaji niliowafikia mjini walinipokea kwa heshima na kuuliza swali lile lile: kitabu hiki kiko kwenye orodha ya shule? Siwalaumu. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 uliweka Kiswahili kuwa somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kinachotafutwa sasa ni kitabu cha kiada na cha mwalimu. Riwaya ya watu wazima, ya mwandishi asiyejulikana, kwa Kiswahili, haina meza ya kukaa. Hakuna aliyekuwa na mhariri wa fasihi ya Kiswahili kwenye orodha ya mishahara, na huko ndiko shida ilipo.

Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa, niliuliza bei ya kujichapishia. Nakala 500 za kurasa kama 240, jalada laini, milioni nne na nusu. Namba ya ISBN, inayotambulisha kila kitabu, hutolewa na Maktaba ya Taifa ya Uganda. Vitabu vya kwetu huanza na 978-9970 au 978-9913. Njia hiyo ipo na ni halali kabisa, lakini mchapaji anapiga chapa kile unachompa. Kosa la ukurasa wa kwanza litatoka mara 500.

Kamwokya nilikwenda FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanzishwa 1996. Kikao chao cha Jumatatu jioni kinawapokea waandishi wengine pia, wanaume kwa wanawake. Walisoma sura yangu moja iliyotafsiriwa, na mjadala ule umenipa faida kubwa kuliko kitu chochote tangu Januari. Dada mmoja aliuliza dereva wangu anataka nini. Nikajibu anataka kuvuka. Akasema hapana, wote kwenye foleni wanataka kuvuka, huyu mmoja anataka nini? Nilirudi Busia na swali hilo. Hao hao ndio walionishauri nimtafute mhariri kabla ya mchapishaji, na nimpime kwa kurasa chache kabla ya kumpa kitabu.

9 Julai 2024. Kurasa za majaribio

Majina ya wahariri nimeyapata sehemu mbili. Ya kwanza ni ukurasa wa shukrani ndani ya riwaya za Kiswahili nilizonazo: waandishi humtaja mhariri wao pale, na mtu anayetajwa na waandishi tofauti huwa anaijua kazi. Ya pili ni walimu wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Makerere na Kyambogo, ambao walinielekeza kwa wenzao wa Tanzania na Kenya.

Kila mmoja nimemtumia kurasa zile zile, 57 hadi 66, kwa maagizo yale yale. Nimezichagua kwa sababu zina usimulizi mrefu, zina mazungumzo ya watu watatu wa kwao tofauti, na zina mahali penye giza ambapo mimi mwenyewe nahisi hadithi imelegea. Nimeomba mambo mawili: weka alama kila mahali ungegusa, na niambie kitu kimoja kinachokosekana. Kazi hiyo nimeilipia, wastani wa 40,000 kwa kila mhariri. Mtu akisoma kurasa zako kumi kwa makini ametumia siku yake.

Marafiki wameniuliza kama siogopi kuibiwa. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006 inamlinda mwandishi tangu kazi inapoandikwa, hata kabla ya kusajili, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Usajili katika URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ni ushahidi wa ziada kwa anayeutaka. Nimetuma kwa barua pepe ili tarehe ibaki, na kila mhariri ametia sahihi karatasi ya ukurasa mmoja.

2 Septemba 2024. Majibu

Wa kwanza, wa Kampala, alirudisha kurasa usiku ule ule. Kila sentensi imeguswa, hakuna swali hata moja pembeni, na watu wangu watatu wote wanaongea kwa sauti moja. Taniboi amegeuka kuwa "mvulana wa kugeuza". Hakuna mtu wa Afrika Mashariki aliyewahi kusema hivyo. Kurasa zilipitishwa kwenye kompyuta, zikaenda Kiingereza na kurudi. Ukitaka kujua kama mtu amesoma kazi yako au ameipitisha kwenye mashine, angalia maneno ya kazi: ya ufundi, ya jikoni, ya barabarani. Hapo ndipo mashine inapojikwaa. Niliomba maelezo sikuyapata, na pesa zimekwenda.

Wa Dar es Salaam ni fundi. Katika usimulizi alikuta mambo ambayo hakuna aliyeyaona: vishazi vya "ambaye" vilivyorundikana, "gari" niliyoipatanisha vingine ukurasa huu na vingine ukurasa ule, aya tatu zinazoanza kwa "Baada ya". Nimejifunza kwake. Lakini mazungumzo ameyanyoosha yote. Mama muuza chai wa Malaba, upande wa Uganda, katika mswada anamwambia dereva:

"Dereva, wewe nakunywa chai ya deni tangu juzi. Leo nalipa ama nabaki na kofia yako?"

Ilirudi hivi:

"Dereva, umekuwa ukinywa chai kwa mkopo tangu juzi. Je, leo utalipa au nibaki na kofia yako?"

Sarufi haina kasoro, na mama hayupo tena. Anayesema hivyo ni mtangazaji wa taarifa ya habari. Nilimpigia mhariri simu tukaongea kwa muda mrefu. Msimamo wake ni kwamba msomaji wa Mtwara au wa Unguja hatajua nani analipa na nani anabaki na kofia. Hoja hiyo ina uzito, na sikuwa na jibu siku ile.

Wa Nairobi alisoma vizuri na haraka, akaomba wahusika wote wachangamke zaidi. Dereva wa Mombasa na mama wa Malaba wakaanza kuongea kama vijana wa Eastleigh. Tuliachana kwa amani.

18 Novemba 2024. Mwalimu wa Bukoba

Jina la huyu lilitoka kwa mhadhiri aliyesema: wewe hutafuti mhariri wa mji mkuu, unatafuta mtu wa mpakani. Ni mwalimu mstaafu anayeishi Bukoba, amehariri vitabu vya shule kwa miaka mingi, na kwa kuwa Mutukula iko karibu amesikia Kiswahili cha Uganda maisha yake yote, sokoni na kwenye mabasi. Hatumii kompyuta. Kurasa zimekwenda na basi kupitia Masaka, zimerudi na basi, penseli pembeni kutoka juu hadi chini.

Sentensi ya mama hakuifuta. Aliongeza maneno mawili:

"Dereva, wewe nakunywa chai ya deni tangu juzi. Leo wewe nalipa, ama mimi nabaki na kofia yako?"

Nilipoisoma nilisimama. Hivyo ndivyo mama anavyosema kweli. Kiswahili cha kwetu kikiangusha kiambishi cha nafsi, mtu hutaja "wewe" na "mimi" ili aeleweke. Mimi niliandika nusu ya lugha yake. Msomaji wa Mtwara sasa anajua kofia inakwenda kwa nani, na mama amebaki mama.

Kisha, kurasa mbili mbele, akazungushia duara mstari ambapo mama huyo huyo anasema, "Ningalikuwa na uwezo ningalikufutia deni hilo." Pembeni akaandika: huyu mama amesoma lini, katikati ya kurasa hizi mbili?

Swali hilo lilimaliza utafutaji. Nilimpigia siku hiyo hiyo. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba mwanangu, umezipata karatasi zako?" Tumekubaliana shilingi 4,000 za Tanzania kwa ukurasa, kurasa 248, yaani 992,000 za Tanzania, karibu milioni moja na laki nne za kwetu, kwa awamu tatu: ya kwanza mwanzoni, ya pili akimaliza muundo, ya tatu akimaliza lugha. Mkataba ni ukurasa mmoja: kazi gani, bei gani, lini, na kwamba neno la mwisho juu ya kila badiliko ni la mwandishi. Nakala mpya na nauli ya kifurushi, 75,000.

16 Februari 2025. Uhariri wa muundo

Mtu anaposema "mhariri" anaweza kuwa anamaanisha kazi tatu. Uhariri wa muundo huangalia hadithi: inaanza wapi, nani hana kazi, sura ipi ihame. Uhariri wa lugha huangalia sentensi. Kusoma prufu ni mwisho kabisa, kurasa zikishapangwa: herufi, nukta, namba. Ukianza na prufu utalipia kusafisha kurasa ambazo zitatupwa.

Kurasa 30 za mwanzo zilikuwa historia ya mpaka, barabara na forodha. Niliziandika kwa upendo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na ndiyo mahali pangu. Mwalimu amezikata zote kwa mstari mmoja wa penseli ulalo, na kuandika kwamba lori lianze limesimama. Amependekeza sura ya tatu iwe ya kwanza. Nilijaribu kwanza kuzigawa zile kurasa na kuzipenyeza ndani ya sura nyingine, ikatokea kwamba kila mahali nilipozipenyeza foleni ilisimama vibaya, msomaji anasubiri mimi nimalize kueleza. Zimebaki aya nne tu. Ya ndani kabisa kati ya hizo sasa anaisema dereva mzee, kwa hasira, wakati wa mgomo, na imepata nguvu ambayo haikuwa nayo nilipokuwa naisema mimi.

Swali la Kamwokya nalo limepata jibu. Dereva wangu anataka kufika Kampala kabla ya arobaini ya babake. Jambo hilo lilikuwa limefichwa sura ya kumi na moja. Sasa liko ukurasa wa tano.

Mswada umeshuka hadi kurasa 221. Awamu ya pili imelipwa. Kutuma pesa Tanzania kwa simu kuna makato. Nimelipa kama 20,000 juu kila awamu, na wanaopanga bajeti waliweke hilo.

25 Mei 2025. Karatasi ya sauti

Hatua hii ndiyo iliyochukua nguvu nyingi, na ndiyo ningependa waandishi wa Uganda waige.

Baada ya duara la yule mama, tulipitia kila mhusika na kukuta tatizo ni la kitabu kizima. Dereva wa Changamwe alisema "gari langu" asubuhi na "gari yangu" jioni. Taniboi wa Tororo alikuwa anaacha viambishi akiwa na njaa na kuvirudisha akishiba. Askari wa Uganda aliongea kama mimi.

Tumetengeneza karatasi moja kwa kila mtu. Juu imeandikwa alikozaliwa, lugha ya nyumbani, Kiswahili alikipata wapi. Chini yake kuna mambo machache tu anayoyafanya na asiyoyafanya. Mama wa chai: haweki kiambishi cha nafsi, hutaja mtu, husema "ama", huita wateja "ssebo" (bwana, kwa Kiganda), hana "ningali" wala "ambaye". Dereva wa Changamwe: ngeli zake zimenyooka daima, ana maneno ya pwani, hukasirika kwa utulivu. Askari: Kiswahili cha kambini, amri fupi, "iko" na "hapana" badala ya vitenzi vya kukanusha. Msimulizi: Kiswahili sanifu mwanzo hadi mwisho, bila ubishi.

Kisha nikayasoma mazungumzo ya mtu mmoja mmoja kutoka sura ya kwanza hadi ya mwisho, nikiruka ya wengine. Ukisoma hivyo hitilafu zinajitokeza zenyewe. Penye shaka nilikwenda stendi ya malori na kumwomba mtu aseme jambo lile kwa maneno yake.

Jaribio moja tuliliacha: faharasa ya maneno ya Kiganda na Kisamia mwishoni. Mwalimu aliuliza nani atafungua nyuma ya kitabu katikati ya ugomvi. Neno ambalo halieleweki kwa mazingira yake tuliliondoa au tukaipa sentensi inayofuata kazi ya kulieleza.

Kuna jambo Mwalimu aliniambia ambalo limenipa moyo. Kiswahili sanifu tunachokiogopa kama cha watu wengine kilishughulikiwa na kamati ya nchi zote za Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, iliyoanzishwa mwaka 1930. Kazi yake mojawapo ilikuwa kusoma miswada na kusahihisha lugha yake kabla haijachapwa. Katika miaka ya 1950 makao ya kamati hiyo yalikuwa Makerere. Yaani kwa miaka kadhaa kamati ya Kiswahili sanifu ilikaa Kampala. Nililisikia hilo nikiwa mtu mzima, na ningependa kila mwanafunzi wa Kiswahili Uganda alijue akiwa kidato cha kwanza.

10 Agosti 2025. Lugha na prufu

Uhariri wa lugha umekamilika. Awamu ya tatu imelipwa, na kwa kuwa kurasa zimepungua Mwalimu mwenyewe amepunguza hesabu. Kurasa za penseli nimeziingiza kwenye kompyuta kwa mkono, sura moja kila jioni. Usimpe mtu mwingine akuingizie: badiliko ulilolikubali kwa simu utalitilia shaka ukiliona, na hapo ndipo unapoamua kweli.

Kwa prufu nimerudi kwa yule fundi wa Dar es Salaam. Nilimtumia mswada pamoja na karatasi za sauti, nikamwomba asiguse mazungumzo isipokuwa pale mhusika anapovunja kanuni ya karatasi yake. Amefanya kazi safi. Amewashika askari na mama mahali ambapo mimi na Mwalimu tulipita bila kuona, na akanipigia kusema kwamba sasa ameelewa nilichokuwa napigania. Prufu: shilingi 250,000 za Tanzania, kama 350,000 za kwetu.

7 Septemba 2025. Mswada umeondoka

Kifurushi cha kutuma: barua ya ukurasa mmoja, muhtasari wa kurasa mbili unaosema na mwisho wa hadithi (mchapishaji si msomaji, usimfiche mwisho), sura tatu za kwanza, na mistari mitano kuhusu mimi. Ndani ya barua nimetaja kwamba mswada umehaririwa na ni nani aliyeuhariri, kwa ruhusa yake. Umekwenda kwa wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi.

Nimejiandaa pia kwa Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Inapokea miswada ambayo haijachapishwa, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wamechapisha kazi zilizoshinda. Kwa mwandishi asiye na wakala, kwa maoni yangu hii ndiyo barabara pana kuliko zote.

28 Septemba 2025. Jibu moja

Mchapishaji mmoja ameomba mswada wote na kutuma rasimu ya mkataba ili niisome wakati wao wanausoma. Mrabaha, yaani sehemu ya mauzo anayolipwa mwandishi, ni asilimia 10, kiwango cha kawaida. Kipengele cha haki kinachukua kila kitu, tafsiri, sauti, filamu na redio, kwa muda wote wa hakimiliki. Nimejibu kwamba natoa haki ya kuchapisha kwa Kiswahili, karatasi na dijitali, na zile nyingine nazishika hadi pale watakapokuwa na mnunuzi mkononi. Nimeomba pia kipengele kinachonirudishia haki kitabu kikikosekana sokoni kwa miaka miwili, na mstari mmoja mfupi: mhariri wa nyumba yao atapewa karatasi za sauti pamoja na mswada.

Hesabu hadi leo, bila mapato ya siku nilizoomba ruhusa kazini: kuchapa na kutuma kama 185,000, safari ya Kampala 75,000, kurasa za majaribio kama 160,000, Mwalimu kama milioni moja na laki tatu baada ya punguzo, makato ya simu 60,000, prufu 350,000. Ni kama milioni mbili na laki moja na thelathini elfu. Karatasi tupu ya sauti, ile yenye vichwa tu, nitampa yeyote anayeandika riwaya yenye watu wa zaidi ya mpaka mmoja. Mchapishaji akijibu kuhusu vipengele, nitaongeza tarehe hapa.